Uvimbe kwenye nyuzi za sauti: ni kansa, au utakuja kuwa kansa?

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 51, nauza viazi karai na bajia hapa Kisauni. Sauti yangu imekuwa nzito, huu mwaka wa tatu. Nikipiga simu benki wananiita "bwana". Mwezi uliopita nilipitishwa kamera puani, daktari akasema nyuzi za sauti zimevimba pande zote mbili, akaniandikia nirudi kwa operesheni na kipande kipelekwe maabara. Sitaficha, navuta sigara tangu nina miaka 24, kama 10 kwa siku, na watoto wangu hawajui. Jirani yangu yuwaniambia uvimbe wa koo ni kansa iliyolala, kisu kikiigusa huamka na kutawanyika. Ni kweli? Huu uvimbe ni kansa, ama utageuka kansa? Nirudi nikakatwe au niuache?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo moja limenifurahisha: umeitaja sigara bila kuulizwa. Nusu ya kazi yangu kliniki ni kungoja mtu aitaje. Atataja vumbi, atataja maji ya barafu, atataja hasidi wake wa mtaani. Sigara huja mwisho kabisa, mkono ukiwa tayari umeshika kitasa cha mlango.

Jibu fupi ni hili. Uvimbe wa nyuzi zote mbili, kwa mwanamke anayevuta sigara na aliyeanza kuitwa bwana kwenye simu, karibu kila mara ni ule tunaouita edema ya Reinke. Si kansa, wala hauna desturi ya kugeuka kansa. Vipande vya uvimbe huu vinapopimwa kwa darubini, wagonjwa wanaokutwa na seli zilizoanza kuharibika ni wachache, chini ya 5 katika kila 100, na wenye kansa yenyewe ni wachache kuliko hao.

Lakini usiiweke barua kando ukaenda kuwasha sigara ya kushukuru. Uvimbe huu na kansa ya koo si mama na mtoto, ni watoto wa baba mmoja, na baba yao ni moshi. Mmoja umeshamwona mlangoni kwako. Huyo mwingine huenda asije kabisa, ila baba yao wewe ndiye unayempikia kila siku.

Weka kidole mbele ya shingo, pale panapopanda na kushuka unapomeza mate. Hapo ndipo lilipo zoloto, na ndani yake zimo nyuzi mbili za sauti. Kwa mwanamke, urefu wa kila mmoja ni kama punje mbili za mchele wa pishori zilizopangwa kichwa kwa mkia. Ndani ya uzi kuna msuli, juu kuna ngozi laini mno, na baina yake kuna nafasi nyembamba yenye ute. Ute huo ndio unaoiacha ngozi iteleze na kutetema. Mjerumani Friedrich Reinke aliieleza nafasi hiyo mwaka 1895, ikabaki na jina lake.

Sasa moshi wa sigara ukipita hapo mara 10 kwa siku, miaka 27, vijishipa vidogo vya damu huanza kuvuja. Ute hujaa, huwa mzito, na hauna pa kutokea. Nikiingiza kamera kwa mtu kama wewe, naona vifuko viwili vyenye kung'aa, vinavyopwaya pumzi ikiingia na ikitoka, mfano wa nyama ya dafu changa, ile unayoikomba kwa kipande cha ganda. Havina vidonda, havitoi damu, na vinafanana kulia na kushoto.

Ndiyo maana ya hiyo sauti. Nyuzi za mwanamke akizungumza hutetema kama mara 200 kwa sekunde, za mwanamume kama mara 110. Zikijaa maji huwa nzito na hutetema polepole. Mpiga udi anajua: uzi mwembamba hulia juu, mnene hulia chini. Wanaume pia huupata uvimbe huu, ila mwanamume sauti ikizidi kuwa nzito hakuna wa kumshangaa, pengine atasifiwa. Mwanamke huja hospitali kwa sababu ya simu. Si wewe wa kwanza.

Sisi wa pwani tuna neno letu, husema mtu amepwewa na sauti, kama maji ya bahari yaliyokupwa. Nalipenda neno hilo kwa sababu linanisaidia kuuliza: sauti yako hupwa na kujaa, au imekupwa moja kwa moja? Muadhini, mwalimu wa chekechea au makanga wa matatu hupwewa jioni, akinyamaza usiku ikarudi asubuhi. Hao mara nyingi wana vinundu, yaani sugu ndogo kwenye nyuzi kutokana na kupaza sauti, na vinundu havina uhusiano na kansa. Kuna polipu, yaani kinyama laini kinachoota kwenye uzi, ambayo mara nyingi huwa upande mmoja, pengine baada ya ukelele mmoja mkubwa. Kuna uvimbe wa mtu ambaye tezi ya shingoni imezembea kutoa homoni, huyo hutibiwa kwa vidonge wala hahitaji kisu. Kuna asidi ya tumbo inayopanda usiku ikaunguza nyuzi. Na kuna sauti iliyokupwa na haijai tena, kila wiki mbaya kuliko iliyopita. Hiyo ndiyo hunifanya nikae vizuri kwenye kiti.

Uvimbe wako ungekuwa upande mmoja tu ningekuandikia barua ya namna nyingine. Kansa ya nyuzi za sauti mara nyingi huanza upande mmoja, kama gamba, kidonda au kinyama chenye uso wa kukwaruza. Kitu kingine ninachokitafuta kwa mvutaji ni doa jeupe, ambalo kwa kitaalamu huitwa leukoplakia. Doa hilo linaweza kuwa ngozi iliyoota ugumu tu, na mengi huwa hivyo. Linaweza pia kuwa displasia, yaani seli zilizoanza kupoteza adabu: si kansa bado, lakini zimetoka kwenye mstari. Displasia hafifu inaweza kukaa miaka isiende popote. Ile kali ni ya kuondolewa na kufuatiliwa, maana baadhi yake huvuka na kuwa kansa kamili. Hakuna daktari anayeweza kuzitenganisha kwa jicho. Hata mimi mwenye miaka mingi kwenye kazi hii hudanganywa. Ndiyo sababu daktari wako ameandika kipande kipelekwe maabara, si kwamba amekuona na kansa akakuficha. Uvimbe ukitolewa, hupimwa, hata kama mtoaji ana yakini asilimia 99.

Haya, tumfikie jirani. Hii habari ya kisu kuiamsha kansa naisikia kila wiki, na naijua ilikotoka. Zamani mtu alikwenda hospitali akiwa hawezi hata kumeza uji. Anapasuliwa, linakutwa jambo limeshaenea, anafungwa, baada ya mwezi anafariki. Mtaa uliona kisu, haukuona miaka miwili iliyotangulia. Kukata kipande kidogo kwenye zoloto hakuiamshi kansa isiyokuwepo, na iliyopo haiwi mbaya kwa sababu ya kupimwa. Hasara inayojulikana ni ya kutopima, au ya kupima nusu nusu.

Kuna kisa kimoja cha kifalme kinachofundishwa hadi leo. Januari 1887, mrithi wa kiti cha Ujerumani, Friedrich, mvutaji mkubwa wa kiko, alipwewa na sauti. Madaktari wa kwao walikiunguza kinyama kilichokuwa kwenye uzi wa sauti, kikarudi. Wakashuku kansa, wakataka kupasua. Akaitwa bingwa wa London, Morell Mackenzie, akachukua vipande, na Rudolf Virchow, mkubwa wa wapima vipande vya mwili kwa darubini wa zama zile, akasema haoni kansa. Operesheni ikafutwa. Novemba mwaka huo huo kansa ikaonekana wazi. Februari 1888 akatobolewa shingo ili apumue, Machi akawa Kaisari akiwa hana sauti, akitoa amri kwa kuandika, na tarehe 15 Juni akafariki. Alitawala siku 99. Wanahistoria bado wanabishana nani alikosea. Mimi huchukua kisa hicho kwa jambo moja dogo la kikazi: karatasi ikisema hakuna kansa, na sauti ikazidi kuharibika, basi kipande kingine kichukuliwe. Kipande kinaweza kukatwa pembeni, ugonjwa ukawa katikati.

Tuje kwenye hesabu yako ya sigara. Sisi huhesabu pakiti kwa miaka. Nusu pakiti kwa miaka 27 ni sawa na pakiti nzima kila siku kwa miaka 13 na nusu. Si hesabu ndogo. Na ukiongeza pombe, iwe bia au mnazi, hatari haijumlishwi, huzidishana, kwa sababu pombe hulainisha utando wa koo na kuufungulia njia moshi. Hukutaja pombe, nami sikushuku, nasema kwa wanaosoma pembeni. Shisha nayo ni tumbaku, hata ikitiwa harufu ya tufaha. Ilipigwa marufuku hapa Kenya Desemba 2017, na bado wagonjwa huniambia "hiyo si sigara, daktari". Muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, wenyewe sina ushahidi kwamba huvimbisha nyuzi, ila nawaona wanavyoutafuna: shavu limejaa, maneno hayaishi, na sigara moja inawashwa kwa nyingine hadi alfajiri. Moshi wa jiko lako la makaa huchokoza koo, ungekaa upande unakotoka upepo ingefaa. Lakini usiutwike mzigo wa sigara.

Ukiacha leo, mambo mawili hutokea kwa mwendo tofauti. Uvimbe wenyewe hupungua ndani ya wiki na miezi, hasa ukiwa mdogo. Uliokomaa kama wako huenda usiondoke wote bila operesheni, ila hautakua. Hatari ya kansa hushuka polepole, mwaka hadi mwaka. Baada ya miaka 10 hadi 15 huwa imeshuka sana, ingawa haifiki ya mtu ambaye hakuwahi kuvuta. Una miaka 51. Fanya hesabu hiyo mwenyewe.

Na hapa niwe mkali kidogo. Madaktari wengi hatupendi kuufanyia operesheni uvimbe huu kwa mtu ambaye bado anavuta, isipokuwa kama kuna doa la kutia shaka au pumzi imeanza kubanwa. Hatumpi adhabu. Ute utarudi pale pale, na safari ya pili ya kisu huacha kovu, na uzi wenye kovu hautetemi. Kama siku ya kulazwa iko mbele, ifanye iwe siku ya mwisho ya sigara, au afadhali wiki kadhaa kabla yake. Mwombe daktari viraka vya nikotini au dawa ya kukusaidia, na kumjulisha mtu mmoja nyumbani si aibu. Umesema watoto hawajui. Dada, mtu anayevuta sigara 10 kwa siku akidhani watoto wake wakubwa hawajui harufu ya kanga zake, huyo anawadharau pua zao. Mwambie mmoja, yule asiyependa makelele.

Operesheni yenyewe haina kisu cha shingoni. Utalazwa usingizi, mrija wa chuma upitishwe mdomoni mpaka kwenye nyuzi, daktari aangalie kwa darubini. Ngozi ya uzi hukatwa mstari mdogo, ute hufyonzwa, ngozi iliyozidi hupunguzwa, na kinachobaki hulazwa mahali pake. Wengine huogopa kutoa pande zote mbili siku moja, kwa sababu nyuzi zikichubuka mbele zote mbili zinaweza kushikana zinapopona. Ukiambiwa utakuja mara mbili usidhani unakamuliwa pesa. Baadaye utanyamaza siku kadhaa. Kunyamaza maana yake kunyamaza, na kunong'ona pia hapana, maana mnong'ono huzibana nyuzi vibaya. Tafuta wa kuwaitia wateja, au andika bei kwenye ubao. Sauti ikirudi itakuwa nyepesi zaidi, pengine nyepesi kiasi cha kukushangaza mwenyewe. Mgonjwa mmoja aliniambia mumewe aliuliza nani yuko chumbani.

Hukutaja maumivu, na nimelisoma hilo kama habari njema. Lakini kwa kipindi hiki cha kungoja, kuna mambo ambayo yakitokea hungoji tarehe ya kadi. Kumeza kukianza kuuma, hasa maumivu yakichoma hadi sikioni upande huo huo wakati sikio lenyewe ni zima. Tezi ngumu shingoni isiyouma, inayokua. Mate yenye damu. Nguo kulegea kwa kukonda, na hukufunga saumu. Ukipumua kukasikika mlio, kama filimbi iliyozibwa, hata umekaa, hiyo ni ya usiku huo huo. Nenda hospitali kubwa, hiyo ya rufaa ya Pwani tunayoiita Makadara au yoyote iliyo karibu yenye chumba cha operesheni, usisubiri asubuhi.

Kwa anayesoma na hajawahi kupitishwa kamera: sauti iliyobadilika ikapita wiki 4 haitafutiwi dawa dukani, hutafutiwa anayeweza kuziona nyuzi. Uingereza, mtu wa miaka 45 kwenda juu mwenye sauti iliyokwama bila sababu hupelekwa kwa mtaalamu haraka, na mimi nautumia umri huo huo hapa kwetu, hata nikishusha kidogo kwa wavutaji. Kamera hupitishwa puani baada ya kupuliziwa dawa ya ganzi, dakika 5 hazifiki. Ni raha ukilinganisha na zamani. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji, Mhispania Manuel García, alizitazama nyuzi zake mwenyewe kwa kioo kidogo kooni na mwanga wa jua, na vioo vya namna hiyo bado tunavyo kliniki, siku stima ikipotea vinafaa.

Nilimpata makanga mmoja wa upande wa Likoni aliyekaa miezi minne akibadilishiwa antibayotiki, mara nyekundu, mara za rangi mbili, na hakuna aliyemwangalia koo. Baadaye akapelekwa kwa mzee akatwe kilimi, eti kimerefuka. Kilimi kiko juu kabisa, kwenye kaakaa. Kukikata kwa ajili ya nyuzi za sauti ni sawa na kubadilisha taa ya nje kwa sababu injini haiwaki, na wengine huvuja damu vibaya. Nilipoingiza kamera nikakuta gamba upande wa kushoto. Nikamwambia pia apimwe makohozi, kwa sababu kifua kikuu cha zoloto kinaweza kufanana na kansa mpaka ukadanganyika, na hapa kwetu hilo halisahauliki. Makohozi yakawa safi, kipande kikaja na kansa, ya awali. Nyuzi za sauti zina mishipa michache ya limfu, kwa hiyo kansa ya hapo huchelewa kusafiri, na tena hujitangaza mapema kwa sauti. Ikishikwa hatua ya kwanza, kwa mionzi au leza, kama wagonjwa 90 katika 100 hupona. Yeye alipigwa mionzi wiki 6. Leo yuko mlangoni mwa matatu, na nimemkataza kupiga kelele, na hasikii.

Kwa hiyo rudi, dada. Siku ya kwenda uliza mambo matatu kabla hujavua viatu: mbali na uvimbe, kuna doa jeupe au jekundu lililoonekana? Mtatoa upande mmoja au zote? Karatasi ya maabara nitaichukua wapi na baada ya siku ngapi? Hilo la tatu ndilo watu husahau. Wakiona sauti imerudi hawaendi tena, na karatasi inabaki kwenye faili ya mtu mwingine. Ichukue, uweke nakala nyumbani, na utazame sehemu ya mwisho. Ikiandika hakuna displasia, tutaonana kila baada ya miezi 6 kwa kamera, na ukiwa umeacha sigara tutapunguza. Ikiandika displasia, uliza ni hafifu, ya wastani au kali, kisha niandikie neno hilo kama lilivyo.